Sauti ya Betri Zilizochoka

Nyumbani kwetu Isiolo betri mpya zilikuwa za redio, na redio ilikuwa ya baba. Alikuwa na lori la kubeba mifugo, na akikosa taarifa ya habari ya jioni alinuna kama mtu aliyefunga bila kula daku. Betri zikichoka ndipo tulipopewa sisi wasichana, tuzitie kwenye rekoda yetu ndogo ya kaseti. Tulizianika kwanza juu ya mabati mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Tulikula makombo ya umeme, na tulishukuru.

Dada yangu mkubwa alipenda wimbo mmoja wa dansi uliopigwa redioni Jumamosi mchana. Ulikuwa wa haraka, magitaa mawili yakikimbizana, na mwimbaji wake alianza juu sana mpaka nikawa nalionea huruma koo lake. Dada hakumfuata huko. Alishuka chini, akajitafutia mahali sauti yake inapokaa vizuri, akaimba hapo huku akipiga pasi ya makaa. Nimesikia waimbaji wengi tangu wakati ule, na bado nasema wimbo ulikuwa wake.

Wiki ya harusi yake tuliurekodi. Tuliweka rekoda mbele ya redio, tukafukuza mbuzi, tukafunga mlango, tukaagizana kunyamaza. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio dada akashindwa kujizuia. Aliimba mpaka mwisho, akacheka, na kicheko nacho kikaingia kwenye kaseti. Baba aliposikia tulichofanya alisema tumerekodi jiko, si wimbo.

Siku chache baadaye dada alipanda lori kwenda kwa mume wake, huko Sericho. Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, alifariki akijifungua. Habari zilitufikia na lori la ng'ombe, akiwa ameshazikwa.

Baba, kwa huruma yake, alinunua betri mpya kwa ajili ya rekoda, ili mama amsikie mtoto wake. Tukakaa wote chini kwenye mkeka. Wimbo ukatoka mbio, magitaa yakipiga kelele, na dada akaimba kwa sauti ya kifaranga. Mama aliinuka akatoka nje. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tulirekodi kwa betri zilizochoka, utepe ukizunguka polepole. Sasa ulikuwa unazunguka kwa nguvu, ndiyo maana kila kitu kilikuwa cha haraka na cha juu. Ili tumpate dada, ilibidi betri zichoke tena.

Basi tukawa watu wa kungoja. Majirani walifurahia betri mpya, sisi tulifurahia zikifa. Jioni mama aliniuliza kama zimechoka, nami nilijaribu, nikamwambia bado. Halafu siku moja wimbo ulianza kupoa, magitaa yakashuka, na dada akatokea, mwenyewe kabisa, hata pumzi anayoivuta kabla ya kiitikio. Mama alikaa karibu na spika, amebana mtandio mdomoni. Tulikuwa naye siku mbili tatu. Kisha sauti ilizama, ikawa nzito ya kiume, utepe ukasimama. Nilimkosa upya kila mara betri zilipokufa. Mpaka leo nikisikia wimbo ule ukipigwa kwa kasi yake halali, nangoja uzame.

Miaka ikapita, umeme ukaingia nyumbani. Baba akaleta mashine kubwa ya kuchomeka ukutani, yenye spika mbili, na ile rekoda ndogo akampa dereva wake, imliwaze njiani. Aliweka kaseti ya dada kwa mkono wake, akafungua sauti. Besi ambayo hatukuwahi kuisikia ilitikisa vikombe, na juu yake akaimba yule kifaranga.

“Hii haitachoka,” baba alimwambia mama, akitabasamu. “Sasa utamsikia kila siku.”

Mama alisikiliza mpaka kicheko cha mwisho, kilichopita upesi mno. Kisha akamuuliza, bila kumtazama, “Dereva ako wapi?”

Baba alisema ameondoka alfajiri na mzigo, atauza hiyo rekoda huko huko akipata mtu wa kuitaka.

Mama alirudisha utepe mwanzo, akakaa karibu na spika, akamsikiliza tena mwanawe, hivyo hivyo, akikimbia.