Kaisari Alipopigwa Mnada Makongeni

Harufu ya Jumapili, kwangu mimi, ni harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, nta ya sakafu, na kuku aliyefungwa miguu kwa kipande cha nguo kuukuu. Vitu hivyo vilikutana kila wiki mbele ya ukumbi wa mtaa wa Makongeni, ambao siku nyingine ulikuwa wa ndondi, densi na mikutano ya wapangaji, na Jumapili ukawa kanisa letu sisi tuliotoka magharibi mwa nchi. Sadaka haikuwa lazima iwe pesa. Aliyekuwa na yai alileta yai, aliyerudi kutoka nyumbani likizoni alileta mkungu wa ndizi, na ibada ikiisha vyote vilipigwa mnada palepale ili vigeuke kuwa mabati, maana tulikuwa tunajenga kanisa letu wenyewe kwenye kiwanja kidogo ng'ambo ya reli. Watu wazima walisema wanafuata mahubiri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na niliona kwa macho yangu kwamba ukumbi ulijaa zaidi saa ya mnada kuliko saa ya neno.

Aliyeuza alikuwa Mama Respa. Siku za kazi aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Gikomba, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti wala ruhusa ya mtu. Mnada wetu ulikuwa na desturi moja ambayo wageni walichelewa kuielewa. Ukishinda kitu, Mama Respa alikuuliza mbele ya kanisa zima, "Unaenda nacho nyumbani au unamrudishia Mungu?" Mtu wa kawaida alibeba mayai yake akaenda kuyakaanga. Lakini aliyetaka jina alilipa, kisha akasema anarudisha, na hapo ngoma ililia, akina mama wakapiga vigelegele, na kitu kilekile kikauzwa upya. Nimewahi kuona jogoo akinunuliwa mara tano asubuhi moja, mpaka akaacha kupiga kelele akiinuliwa. Mabingwa wa mchezo huo walikuwa Mzee Shiundu, fundi wa karakana ya reli, na Bwana Okumu, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji. Hawakuwa na ugomvi wowote duniani isipokuwa huu: hakuna aliyekubali kumwona mwenzake akitoka ukumbini akiwa ametoa zaidi.

Mwaka huo, mnamo Agosti, alikuja kutuaga bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa amefundisha historia Nairobi maisha yake yote. Mpishi wake alikuwa muumini wetu. Kikapu cha sadaka kilipompitia, alitia kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi. Mweka hazina alikifungua, akadhani ni kifungo cha koti, akataka kukirudisha. Mchungaji akakichukua, akakisogeza dirishani, akasoma mwanzo wa karatasi, kisha akasema polepole, "Ndugu zangu, hii ni pesa ya Roma. Huyu ni Kaisari." Kila mtu pale alimjua Kaisari tangu shule ya Jumapili. Alikuwa kama afisa wa kodi wa mbali ambaye hatukutegemea kumwona Makongeni. Kabla mchungaji hajamaliza kusoma karatasi, bibi mmoja nyuma yangu alikwisha kuamua kwamba sarafu hiyo ndiyo ileile iliyoshikwa na Bwana mwenyewe, na ilipofika safu ya mwisho hakukuwa na shaka tena. Mzee Shiundu alianza na hamsini. Okumu akasema sabini. Siku hiyo sarafu ilifika mia moja na ishirini, pesa ambazo zingenunua kuku watatu wanaojiheshimu, kisha Okumu akairudisha, naye Mzee Shiundu akainunua tena, akairudisha.

Lazima nieleze hali yangu. Nilikuwa nakusanya sarafu. Nilikuwa na mkebe wenye senti kumi za zamani zenye tundu katikati, sarafu za Uganda na Tanzania, na nyingine za India ambazo baba, aliyekuwa karani wa mizigo kwenye kituo cha reli, alipewa na abiria. Marafiki zangu walikusanya vifuniko vya soda na waliniona mjinga, kwa sababu vifuniko angalau unaweza kuvichezea. Nilipomwona Kaisari kwenye kiganja cha Mama Respa, mdogo, wa rangi ya chai ya rangi, na taji la miale kichwani, nilijipenyeza hadi mbele nimwone kwa karibu. Nilimtaka kama mtoto mwingine anavyotaka baiskeli. Na kila Jumapili alinunuliwa na kurudishwa, akanunuliwa na kurudishwa, wala hakuna aliyempeleka nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemtaka. Walichotaka ni bei yake.

Basi nikawa mtaalamu wa bei. Miaka mingi baadaye chuo kikuu kilinifundisha uchumi kwa vitabu vinene, na nakiri sikujifunza mengi zaidi ya niliyoyaona pale. Mwisho wa mwezi Kaisari alipanda, katikati ya mwezi akashuka. Kwaya ya wageni ikija, alipanda, maana hakuna anayekubali kuonekana maskini mbele ya kwaya ya wageni. Mvua ikinyesha, alishuka. Jumapili moja ya Oktoba alianguka kabisa. Kijana mmoja wa kwaya, aliyekuwa sekondari, aliomba kuiona ile karatasi, akaisoma hadi mwisho, akasimama kutangaza kwamba Kaisari huyu alitawala karibu karne tatu baada ya Bwana kupaa, na kwamba sarafu za namna hii zilikuwa nyingi kama kokoto. Mzee Shiundu, aliyekuwa amesema themanini, akauliza kama anaweza kusema kumi na tano. Mama Respa akamtazama yule kijana tangu viatu hadi nywele. "Wewe, babu yako na wewe mlizaliwa siku moja?" "Hapana, mama." "Lakini ukoo ni mmoja?" "Ni mmoja." "Haya, keti. Kaisari ni ukoo. Mzee Shiundu, ulikuwa umesema themanini." Watu walicheka, na bei ikapanda tena, ingawa mwaka huo haikufika mia tena.

Mimi niliomba ishuke. Kila usiku nilipiga magoti kumwomba Mungu, kwa adabu, awapunguzie waumini wake pesa kidogo tu. Nilikuwa naweka akiba kwa kuuza chupa tupu na kwa zawadi za Krismasi, na kufikia mwaka mpya nilikuwa na shilingi arobaini. Ndipo mchungaji akatangaza kwamba mabati yametosha, na kwamba Jumapili ya pili ya Januari Kaisari atauzwa kwa mara ya mwisho. Jumapili ya pili ya Januari! Wazazi wote wamelipa karo, wamenunua viatu, wamebaki na nauli. Juu ya hayo, Okumu alikuwa bado kwao Siaya, na bila Okumu Mzee Shiundu hakuwa na mtu wa kumchokoza. Nilijua kwamba nisipompata siku hiyo, sitampata tena.

"Nani ananianzia?" Mama Respa aliuliza. Mzee Shiundu akapiga mwayo. "Ishirini." "Ishirini! Mzee, leo hata mimi nakuonea huruma." Nikasimama juu ya benchi ili nionekane. "Thelathini." Vichwa vyote viligeuka. Mama, aliyekuwa kando yangu, alinishika sketi. "Nani huyo? Ni msichana wa karani wa mizigo! Mzee Shiundu, umevamiwa na watu wako wenyewe wa reli!" Mzee akacheka hadi miwani ikateleza. "Thelathini na tano, nione kama ana meno." "Arobaini," nilisema, na hapo ndipo ulimwengu wangu ulipoishia. Mzee Shiundu akaketi na kuinua mikono. "Nimeshindwa. Huyu mtoto atakula watu."

Sijawahi kupokea sifa kama zile, hata siku ya kuhitimu. Ngoma ililia, akina mama walinishusha kwenye benchi wakanisindikiza hadi mbele wakicheza, vigelegele vikajaa masikioni. Mama Respa akaniwekea Kaisari mkononi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na wa moto kidogo kwa sababu ya kiganja chake. Kisha akainama, uso wake ukimetameta, akauliza kama alivyouliza kila mtu: "Sasa, mama, unaenda nayo nyumbani au unamrudishia Mungu?" Nilikuwa nimesikia kwa miezi mitano jinsi watu wakubwa wanavyojibu. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja. Nikasikia sauti nyembamba ikipaza, "Namrudishia Mungu!" na ukumbi ukalipuka kwa furaha, na Kaisari akachomolewa kutoka vidoleni mwangu kabla sijatambua kwamba sauti ile ilikuwa yangu.

Mnada ukaanza upya. Bwana mmoja aliyevaa koti zito, mgeni aliyekuja na binamu yake kutoka Njiru, alisema hamsini. Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba akasimama. Baba yangu aliona kupiga kelele kanisani ni tabia ya uwanja wa mpira, na kwa miaka yote alikuwa hajawahi kununua hata yai. "Sitini," akasema, kama mtu anayeuliza bei ya kabichi. Mgeni akasema mia. Baba akasema mia na kumi. Mama alikuwa anamvuta koti. "Baba Fridah, keti. Hiyo ni pesa ya sare." Mia na hamsini, mia na sitini. Hakuna aliyecheza ngoma tena. Mia mbili. "Mia mbili na kumi," alisema baba, na sasa sauti ilikuwa imekauka. Mgeni akasema mia mbili na hamsini, na baba akaketi polepole, kama anayehofia kuvunja benchi. Mama Respa akamuuliza mgeni swali lake. "Kurudisha wapi?" mgeni akashangaa. "Si nimenunua?" Akamtia Kaisari mfukoni, akafunga kifungo. Mzee Shiundu akaangua kicheko. "Angalau leo amekuja mmoja aliyesoma!"

Nililia njia nzima. Tulipofika karibu na nyumbani, baba akasema, "Umetoa sadaka kuliko mchungaji." Nikalia zaidi. "Lakini hebu niambie, kwa nini ulikubali?" "Mama Respa aliniuliza." "Hata mimi huniuliza kila Ijumaa kama nataka omena," baba akasema. "Huwa namwambia sitaki." Nikacheka kwa pua iliyojaa kamasi, nikamkasirikia kwa kunichekesha.

Siku hizi nanunua sarafu za Roma kwa simu, nikiwa nimekaa sebuleni. Bei zinapanda na kushuka kwa sababu nisizozijua: Kaisari wa aina ileile mwaka jana alikuwa wa bei ya chakula cha mchana, mwaka huu anakaribia mbuzi, na mwezi ujao huenda akarudi kuwa chakula cha mchana. Wapinzani wangu ni nambari. Sijui kama ni watu wa reli au wa kanjo, hawanitanii, na nikishinda hakuna anayeniuliza lolote zaidi ya anwani. Ninao kadhaa sasa, wazuri, na sijutii hata mmoja. Mume wangu anajuta kwa niaba yangu. Lakini ukiniuliza nilimnunua yupi kwa kiasi gani, itabidi nifungue simu nitafute risiti. Yule niliyemkosa sihitaji kumtafutia risiti. Naijua bei yake hatua kwa hatua, pamoja na sauti ya kila aliyeitaja, hadi ile mia mbili na kumi ya mtu aliyekuwa hapendi kelele.