Mama Tofi wa Njia ya Majabali

"Wewe jina lako nani?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza bibi yule swali hilo, juu ya majabali, kwenye njia iendayo Scaldby kutoka kwetu Ebbingham. Ilikuwa Januari, kamasi zinanichuruzika. Babu alinifinya bega hadi nikaruka.

Bibi akacheka. "Mimi? Mimi ni Mama Tofi." Akamwonyesha mbwa wake mdogo, rangi ya sukari guru, ambaye wakati huo alikuwa anamnusa mbwa wetu matakoni.

Tulipoachana nao, Babu alinikanya. "Njiani humuulizi mtu jina. Unamsalimia mbwa."

"Kwa nini?"

"Mbwa hana siri."

Ndivyo tulivyo huku. Wageni wa kiangazi wakishaondoka, duka la aiskrimu likapigiliwa mbao, tunabaki sisi na mbwa wetu na baridi inayokata mifupa. Mnakutana njiani, unamkuna mbwa wa mwenzako masikio, unasema upepo wa leo mkali, unajibiwa wa jana ulizidi, basi, kila mtu na safari yake. Mbwa wa vijiji vyote viwili nawajua kwa majina. Watu, najua wale tu waliozaliwa hapa. Mama Tofi na mumewe walihamia Scaldby uzeeni.

Mumewe tulimwita Baba Tofi. Mtu mrefu, kofia ya sufu, chupa ya chai mfukoni. Majira ya baridi ya mwaka mmoja akaacha kuonekana.

"We Tofi, leo baba kakuacha?" watu walimuuliza mbwa, huku wanamkuna. Babu naye aliuliza. Mimi nilikuwa namtazama Mama Tofi, na nilimwona akifungua mdomo. Lakini Babu alikuwa ameshafika kwenye habari za upepo. Kesho yake wengine wakamuuliza Tofi tena. Mwishowe wakachoka kuuliza.

Miaka ikapita. Januari ya mwaka huu, mvua ikiwa imelowesha udongo wa majabali hadi ukawa kama uji, Tofi alimfukuza sungura mpaka ukingoni. Ukingo ukakatika naye.

Mama Tofi alishuka mbio hadi Ebbingham, kichwa wazi, na mlango wa kwanza kuugonga ulikuwa wetu. "Kaanguka! Tofi kaanguka!"

Babu aliacha supu yake mezani. Muda si muda vijiji vyote viwili vilikuwa ufukweni, na tochi, kamba, soseji za kumvutia. Hata kiangazi sijawahi kuona watu wengi vile pale. Bwana Garth, aliyekuwa mpeleka barua, ana sauti kama tarumbeta: "Tofi! Njoo, mwanangu! Njoo!" Maji yalikuwa yanajaa. Tulisogezwa nyuma na mawimbi, tunaita, tunasogezwa tena, mpaka hakukuwa na mchanga wa kusimama.

Asubuhi maji yalipotoka yalimwacha Tofi upande wa Scaldby.

Alizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Watu walijaa bustani nzima. Walileta maua, kadi, keki mbili za limau. Bwana Garth alilia kwenye leso bila aibu. "Pole, Mama Tofi. Alikuwa wetu sote."

Ndipo Babu, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akauliza kwa huruma kabisa, "Na Baba Tofi je? Ameambiwa?"

Mama Tofi aliweka birika chini.

"Alikufa baridi ile aliyoacha kutembea. Maiti nikaipeleka mjini kuchomwa. Tulikuwa mimi na padri tu, na Tofi akisubiri ndani ya gari."

"Hatukujua," Babu akasema.

"Mlimuuliza Tofi," akajibu taratibu. "Kila siku. Nami nilikuwa nimesimama papo hapo." Kisha akatuuliza nani aongezewe chai.

Baada ya hapo aliendelea kutembea, kamba ya Tofi mkononi, tupu. Na hapo nikaona jambo lililonitisha kuliko mazishi. Watu walipomkaribia walipunguza mwendo, wakatazama chini pale alipozoea kuwa Tofi, wakakosa pa kuyaweka macho, wakatazama bahari. Wakapita. Hata Bwana Garth! Si kwa ubaya. Aibu tu.

"Msalimie basi, Babu," nilimwambia nyumbani. "Mwambie upepo mkali."

"Mtu amefiwa mara mbili, nikamwambie upepo?" Toka siku hiyo Babu akawa anapita barabara ya chini.

Mama Tofi akakonda. Koti likawa linamvaa yeye.

Februari, nikitoka shule, basi lilinishusha Scaldby nikashika njia ya juu. Nikamwona mbele. Alifika pale palipofungwa kamba ya hatari, akainama, akapita chini yake. Akaenda kusimama alipoangukia Tofi, kwenye udongo ambao hata shakwe hawatui juu yake. Hakuwa anatafuta kitu. Alisimama tu, anatazama chini, na kamba ya mbwa inapeperuka.

Nilitaka kumwita. "Mama To—" Nikakatiza. Utamwitaje mtu kwa jina la maiti wake?

"Bibi!" Upepo ukaila. Bonge la udongo likamomonyoka karibu na kiatu chake, sikusikia lilipofikia. Nilikimbia, natafuta neno, neno lolote lililo lake yeye peke yake, na sikuwa nalo. Hakuna aliyekuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni lile swali nililofinyiwa bega. Nikalipiga kwa kifua chote:

"Wewe! Jina lako nani?"

Aligeuka. Polepole, kama aliyeitwa kutoka mbali sana. Akanitazama. Akatazama viatu vyake vilipo. Kisha akapiga hatua moja kuja kwangu, na nyingine, hadi tumbo lake likagusa kamba ya hatari, nami nikaishika mikono yote miwili ya koti lake nisiiachie.

"Averil," akasema. "Averil Thackray. Na mume wangu alikuwa akiitwa Desmond."