Chumvi ya Bwana Mjerumani ilivyomfikia mama yangu milimani (Morogoro)

Habari zenu wakuu.

Hili nimekaa nalo muda mrefu. Naahidi sitatia chumvi, maana chumvi ndiyo iliyoniponza. Anayetaka kuhesabu umri wangu ahesabu, mimi nasimulia.

Enzi hizo nchi ni ya Mjerumani, na reli imeshafika Morogoro. Nilikuwa boi wa Bwana mmoja pale mjini, kapera, mtu wa vitabu. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo, ndani matumbawe hai na samaki wa rangi kutoka Dar es Salaam. Watu walikuja kuchungulia dirishani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Muundaji ni mimi.

Mwanzo maji ya bahari yalikuja kwa treni, yakawa yanafika yananuka. Bwana akaagiza makopo ya chumvi kutoka Ulaya, akanifundisha kuchanganya. Maji safi kwenye pipa la mbao. Chuma hapana, kutu inaua matumbawe. Unatia chumvi, unakoroga kwa mwiko mrefu, unafunika, unayaacha yatulie siku nzima.

Halafu unatumbukiza kipimo, kijiti cha kioo kinachoelea. Chumvi ikitosha kinasimama kwenye alama nyekundu. Ikipungua kinazama, na maji mapya yasipoingia tangini kila baada ya siku chache samaki wanakufa.

Samaki wakifa, adhabu ni hamsa ishirini. Kwa wasiojua, hivyo ni viboko ishirini na tano.

Kiangazi kimoja mto wa mjini ukawa tope, na Bwana yuko Dar kwa wiki mbili. Nikakumbuka chemchemi ya ukoo wa mama yangu, milimani, nusu siku kwa mguu. Nikaenda na wapagazi wawili na pipa.

Sasa sikieni. Kwetu ukichota pale, kibuyu cha kwanza hukibebi. Unakirudisha, unasema, "Ahsante mwenye maji."

Nilijua hilo tangu nanyonya. Lakini wapagazi wananitazama, na mimi nimevaa kanzu nyeupe ya kwa Bwana. Niliona aibu. Nikajaza pipa, nikaondoka.

Nyumbani kwa Bwana nikatia chumvi, nikakoroga, nikapima. Alama nyekundu kabisa. Nikafunika na jiwe juu.

Asubuhi kipimo kilizama mpaka chini.

Nikaonja. Maji matamu, ya baridi, utadhani yametoka mwambani sasa hivi.

Nikadhani nimekosea, nikatia kopo jingine. Kesho yake vilevile. Jiwe liko palepale, sakafu kavu. Siku ya nne samaki wameanza kuhemea juu ya maji. Mpaka siku ya saba nimemaliza makopo saba.

Siku hiyo mama akatokea mlangoni. Hakuwahi kushuka mjini peke yake. Miguu ilikuwa imevimba.

"Shikamoo mama."

 Akanipa kibuyu. "Onja."

Wakuu, ilikuwa bahari.

"Mbuzi wamegoma kunywa," akasema. "Watoto wanatapika. Kila kukicha chumvi inazidi. Mwanangu, ulipochota, ulirudisha?"

Nikayatazama yale makopo saba matupu. Kumbe kila siku nilikuwa nayatia chumvi maji ya mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kopo la nane lilikuwa bado rafuni. Nikiwapa samaki, namnywesha mama. Mgongo wangu ukaanza kuuma kabla ya viboko.

Nikawaita wapagazi walewale, tukapanda na pipa. Nikapiga magoti kwenye tope na kanzu yangu, nikarudisha maji yote huku nikisema "Ahsante mwenye maji" kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Pipa zima nilimwaga na hatukusikia hata mlio wa maji.

Niliporudi samaki wameelea ubavu. Bwana akaja, nikala hamsa ishirini zangu, na kazi ikaishia hapo. Niliumia sana, lakini sijuti.

Chemchemi ilirudi tamu. Mama akapona miguu.

Ila mwaka uliofuata alinishika mkono, akanionyesha chini ya maji. Pale mwambani palikuwa na tumbawe. Jeupe, lina vidole vidogo vinavyofunguka jua likipiga. Hai, kwenye maji matamu, juu milimani.

"Mwenye maji amepokea," mama akasema. "Ila hajasahau."

Nilichojifunza ni kwamba cha kwanza kinarudi kwa mwenyewe, hata kama watu wanakutazama. Aibu yangu ya dakika moja nusura inizikie mama.

Nyie kwenu mkichota mnarudisha nini? Na mtaalamu wa matumbawe akipita humu anisaidie. Lile letu halijawahi kuacha kukua, na juzi nimekuta vidole vyake vimetokeza juu ya maji.