Mkate wa Mtu wa Ngozi

Siku hizi nasikia watu wakijisifu kwamba wamebadilisha kazi. Mmoja alikuwa karani hapa, sasa ni karani nyumba ya pili, bado ana kiti na bado ana feni juu ya kichwa. Anasimulia kwenye arusi mpaka wali unapoa, eti ilikuwa safari ngumu, eti alipambana. Alipambana na nini? Na kitasa cha mlango? Huwa namaliza supu yangu nikigeuza uso, maana watu wa namna hiyo wananitia kichefuchefu. Mimi nilitoka kwenye ngozi nikaingia kwenye mkate. Shule niliishia darasa la nne. Leo nina tanuri tatu, mbili Busia na moja Malaba, na mwenye kubisha aje anuse saa kumi na moja asubuhi.

Nyanya yangu kule Bukhayo alikuwa na hadithi ya zimwi lililomeza kijiji kizima, watu na ng'ombe na kuku, mpaka kijana mmoja akakubali kumezwa akiwa na kisu, akalipasua tumbo kutoka ndani. Wasikilizaji wote walisifu kisu. Hakuna aliyeuliza mle tumboni kulinuka vipi. Mimi ningewaambia, kwa sababu nilikaa humo miaka minne.

Lilikuwa banda la ngozi, nje kidogo ya mji wa Busia, upande ambao upepo haupeleki harufu kwa wakubwa. Ngozi zilifika asubuhi kutoka machinjioni zikiwa bado na joto, zina damu, zina kupe, zina mavi yaliyogandia mkiani. Kazi yangu ilikuwa kukwangua mafuta na vipande vya nyama kwa kisu kilichopinda, kumwagia chumvi ya mawe, kisha kulaza ngozi moja juu ya nyingine mpaka rundo linifike kifuani. Chini ya rundo yalitoka maji mekundu yakaingia mferejini, na mle mferejini funza walinenepa kama watoto wa tajiri. Nilikuwa hodari, sisemi uongo. Kisu changu hakikutoboa ngozi, na kutoka Busia mpaka Malaba hakuna aliyenizidi mkono. Lakini uhodari wa namna hiyo utasifiwa na nani, kama hakuna anayekaa karibu nawe?

Kwenye hoteli ya sokoni kulikuwa na mkebe uliotundikwa msumarini, nje. Wengine walinyweshwa chai kwa vikombe, mimi kwa mkebe. Mwenye hoteli hakunitukana hata siku moja. Alisema tu, "Boss, chukua chombo chako." Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kila Jumapili, hata siku ya Krismasi watu wakiwa wamesimama mpaka nje. Nyumbani mke wangu alinivulisha nguo nyuma ya ua, nioge kwanza ndipo niguse mtoto. Kwa mila yetu mama mkwe hashikani mkono na mkwe wake wa kiume, na nadhani katika Bukhayo nzima hakuna mama mkwe aliyeipenda mila hiyo kama wangu.

Basi ikaja ile miaka ambayo upande wa Uganda chumvi, sukari na sabuni vilipotea madukani kana kwamba vimefagiwa. Kina mama walivuka kwa njia za vichakani wakitafuta chochote. Mwenye banda, tuliyemwita tajiri, akapata akili mpya. Ngozi zilipokuwa tayari kusafirishwa tulizikung'uta, na ile chumvi ya zamani ilianguka chini, nyekundunyekundu, imechanganyika na nywele za ng'ombe. Siku zote tuliimwaga. Safari hii tajiri akaniletea chekecheke.

"Chekecha hiyo, halafu uianike juu ya magunia."

"Ya nini, mzee?"

"Kuna watu wanaitaka. Chumvi ni chumvi. Kwani ng'ombe si unamla?"

Nikachekecha. Nikaitoa nywele, nikaitoa kupe waliokauka. Siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka ng'ambo, mrefu, amevaa gomesi ya kijani. Alichovya kidole kwenye gunia, akalamba, akafumba macho kidogo, akasema, "Nipimie." Aliyempimia ni mimi. Tajiri alikuwa amesimama pembeni akimwambia ni chumvi safi ya kupikia, imepata mchanga kidogo tu njiani, na mimi nikanyamaza kama kizingiti. Mama alipoondoka mate mabaya yakanijaa mdomoni. Mimi, niliyekula mihogo yangu ya mchana nikiwa nimekalia rundo la ngozi, nikatapikia mferejini juu ya wale funza.

Kesho yake nilidunga kisu kwenye nguzo nikamwambia tajiri naondoka.

"Uende wapi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Nani atakupa kazi na hiyo harufu? Hata mbwa wanakufuata wakidhani wewe ni mfupa."

"Naenda kupika mikate," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, lakini halikutoka bure. Kila asubuhi nikienda bandani nilipita nyuma ya maduka ya mjini, ambako mjane mmoja wa Kiislamu alikuwa na tanuri ya matofali. Pale, kwa hatua kama ishirini hivi, ile harufu ya mkate ilinishinda. Ndicho kitu pekee katika Busia nzima kilichonuka kuliko mimi.

Nikaenda kwake siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usisogee. Umetoka banda la ngozi."

"Umejuaje, mama?"

"Pua yangu imekuona kabla ya macho. Unataka nini?"

"Kazi ya kukanda unga."

Akashika ukuta kwa kucheka. "Wallahi una moyo wewe! Mzoa choo akaombe kazi ya kupika pilau!"

Nilirudi kesho yake akanifukuza. Nilirudi keshokutwa akanirushia ufagio. Siku ya nne alikuwa amechoka kucheka, akaniambia masharti. Ninyoe nywele zote, nikate kucha mpaka kwenye nyama, nichome nguo. Nimpasulie kuni mwezi mzima bila kugusa unga. Baada ya hapo nikande mkate mmoja tu kwa siku, na huo mkate ataula yeye peke yake.

"Mimi umri wa kufa ninao," akasema. "Nikifa, mji utajua sababu. Nisipokufa, tutaona."

Wenzangu, hiyo ndiyo ilikuwa vita. Vita ya mtu kushindana na ngozi yake mwenyewe. Nilijisugua kwa jivu, kwa limau, kwa majani ya mpera. Nilishuka mtoni nikajisugua kwa mchanga mpaka viganja vikapasuka, limau likiingia kwenye nyufa naruka kama jogoo aliyekatwa kichwa. Kila asubuhi nilimpa mke wangu mikono anuse. "Bado," anasema. Wiki ijayo, "Bado, lakini kidogo." Nilianza kujinusa njiani, nikajinusa kanisani, nikajichukia kuliko walivyonichukia wale wa hotelini. Mjini walinipa jina la kunifanyia mzaha, wakaniita bwana arusi, kwa vile naoga sana. Mjane alikula mkate wangu siku arubaini. Hakufa. Siku ya arubaini na moja alipangusa mdomo akasema, "Kesho ukande unga wote. Mikate utaipeleka Malaba, madereva wa huko hawakujui."

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao hauwezi kufanywa na mtu aliyezaliwa akinukia. Asubuhi ile, kabla ya kukanda, hofu ilinishika. Pua yangu iliniambia harufu imerudi. Nilikuwa nimeona makanika wakitoa grisi mikononi kwa mafuta taa, nikawaza, kama inatoa grisi ya gari itashindwa vipi na mafuta ya ng'ombe? Nikanawa mafuta taa mpaka kwenye viwiko, nikapangusa kwa gunia, nikaingia kwenye unga. Mjane alikuwa na mafua, hakusikia kitu. Mimi nilifurahi kwamba sinuki ngozi. Sikujiuliza nanuka nini.

Malaba siku hizo malori yalikaa foleni siku mbili, siku tatu, yakingoja karatasi za kuvukia. Madereva walilala chini ya malori, wakapika kando ya magurudumu, wakagombana kwa sababu ya kukaa bure tu. Nilishuka na vikapu vyangu viwili, nguo nyeupe, kichwa kinang'aa, nikaita, "Mkate! Mkate wa leo!" Wakaja. Mmoja alikuwa ameshamega, mwingine anatafuta chumvi ya kunyunyizia, nikasikia sauti ninayoijua.

"Jamani, mnakula nini?"

Ilikuwa tajiri. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara, imejaa magunia, na kina mama wa ng'ambo wameizunguka. Alikuja akitembea polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Huyo mnamjua? Huyo ni mtu wangu wa ngozi! Hiyo mikono miaka minne imelala kwenye funza. Leo amevaa nyeupe, mnameza tu!"

Aliyekuwa akitafuna akatema karibu na mguu wangu. Duara lililokuwa limenizunguka likapanuka, hivi hivi naliona, kama maji ukitupa jiwe. Nilijua mikate ikirudi Busia mizima, mjane hatanipa siku nyingine, na mimi nitarudi kung'oa kisu changu kwenye ile nguzo.

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi wangu. Ningesema, "Na kwenye magunia yako kuna nini, mzee?" Lakini wangeuliza aliyechekecha ni nani. Hapa sijisifu. Nililimeza, nikalisikia likishuka, lina ladha ya mfereji.

Badala yake nikanyoosha mikono. "Njooni mnuse! Mwenye pua aje! Asiye na pua anyamaze!"

Hakuna aliyesogea. Mwishowe dereva mmoja mnene, wa kule Nakuru kwa lafudhi yake, akaja akainama, akanusa kiganja, akanusa tena. Akainua kichwa.

"Haki ya Mungu, huyu hanuki ngozi. Ananuka mafuta taa!" Akachukua mkate akaunusa nao. "Na mkate pia! Boss, wewe ulikuwa unapika au ulikuwa unawasha stovu?"

Kicheko kilichotoka pale kilifika Tororo. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu mwingine, mikono yake myeusi kwa dizeli, akasema, "Kwani wewe mwenyewe unanuka nini, sabuni ya Lux? Mafuta taa mimi nakula kila siku. Leta miwili." Yule mnene akachukua mitatu. Wengine wakaja kwa ajili ya mzaha tu, kila mmoja akiuliza kama mkate unahitaji kiberiti. Tajiri alitema mate, akarudi kwenye pikapu yake, na kina mama wakaendelea kupimiwa.

Nilikuwa nimeshinda. Ningekaa pale nikacheka nao. Lakini nikamwona yule mama mrefu wa gomesi ya kijani akitoka kwenye pikapu, gunia kichwani, anafuata njia ya vichakani. Nilimwangalia hatua tano, sita. Kile nilichokimeza kikaanza kupanda tena. Nikajiambia, mwanaume, umeoga zaidi ya miezi miwili ili unyamaze hivi? Nikachukua kikapu kilichobaki nikamfuata, na madereva wawili wakiwa bado nyuma yangu wanatafuna, nikasema kwa sauti ambayo hata wao waliisikia.

"Mama, ngoja! Hiyo chumvi usipikie. Ni ya kukung'utwa kwenye ngozi. Aliyeichekecha ni mimi."

Kicheko nyuma yangu kikakatika. Nilijua nimejichoma mwenyewe. Yule mama aliteremsha gunia taratibu, akanitazama kuanzia kichwa kilichonyolewa mpaka miguuni.

"Ssebo," akasema, kwa heshima ile ya kwao, "unafikiri sisi hatuna ulimi? Siku ile nililamba kwa nini? Nilijua hapo hapo. Ina ng'ombe ndani."

"Ulijua na ukanunua?"

"Tunaiyeyusha kwa maji. Tunaichuja kwa kitambaa, tunaichemsha, tunaichuja tena. Watoto wangu ni sita, mboga imekosa chumvi mpaka mdogo anakataa kula. Wewe unaona vibaya. Na wewe kule ulikubali kukaa kwa nini?"

Miaka minne nilikuwa najihurumia kwa sababu ya mkebe wa chai, na huyu alikuwa anachemsha uchafu wangu mara mbili ili watoto wale. Nilimchukia tajiri, nikaichukia serikali ya ng'ambo na ya huku, na mimi mwenyewe sikujiacha nje. Mwili wangu, uliosuguliwa kwa jivu na limau, niliuona mchafu kuliko siku ile niliyodunga kisu.

Mmoja wa wale madereva alitema kipande akaenda zake. Mwingine alibaki, shavu limejaa, hajui ameze au atoe.

Mama alikuwa ameshaangalia kikapu changu.

"Huo ni wa leo au wa jana?"

"Wa leo, mama. Lakini nilikosea, nilinawa mafuta taa nikakanda."

Akaunusa, akakunja uso.

"Basi nipe miwili," akasema. "Na unisaidie kuinua hili gunia."