Nusu Yai kwa Dakika Sita

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Katika kiwanda cha mashati, mwanamke wa miaka arobaini na sita anainuka kwenye cherehani yake, anachukua kadi ya chooni iliyotundikwa kwenye msumari na kuivaa shingoni.

Hana haja yoyote. Anaingia chooni, anafunga komeo, anaegemea mlango. Kwenye mfuko wa aproni anatoa nusu yai la kuchemsha, limefungwa kwa kitambaa safi. Anamega kipande kidogo kama ukucha na kukitafuna huku akihesabu. Hesabu ikifika ishirini na tano ndipo anameza, kisha anasubiri aone kama kitashuka.

"Nakula huku nimejiziba pua," anasema. "Lakini kwenye mashine chakula marufuku. Tunashona vitu vyeupe. Tone moja la mafuta, furushi zima linarudishwa."

Wenzake humwita Mama Kola, kwani kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni hiyo hiyo: kola mia nne kwa siku. Mshahara wake unalisha watu watano, wakiwemo watoto wake.

Miezi minane iliyopita alikuwa na kilo mia moja arobaini na sita, sukari imempanda na magoti yamegoma. Kaka yake mkubwa akauza kiwanja ili apasuliwe, tumbo lipunguzwe. Lililobaki halizidi ukubwa wa ndizi moja.

"Nilikataa," anakumbuka. "Kaka akaniambia, 'Kiwanja hakitanizika. Wewe ndiye utakayenizika. Nenda.'"

Sasa ana kilo tisini na tatu. Hospitalini aliagizwa ale kidogo kidogo mara tano kwa siku, polepole. Kiwandani mapumziko ni mara moja tu, nusu saa, na foleni ya chakula inakula dakika kumi na mbili. Kadi ya chooni ni mara mbili kwa mtu kwa siku, na ukizidisha dakika sita jina linaandikwa.

Hakumwambia mtu. Aliomba likizo akisema anapasuliwa ngiri. Mwili ulipoanza kupukutika, minong'ono ikaanza.

"Nilisikia mmoja akisema, 'Huyu hamalizi mwaka.' Mwingine akauliza kama cherehani yangu imeshapata mtu. Nami nimekaa hapo hapo nashona nayo!"

Wakati huo alikuwa ameshapata barua moja ya onyo, kwa kuanguka kwa njaa akiwa kazini. Siku moja akaamua kuwafunga midomo. Akajipakulia sahani kama ya zamani na kula haraka mbele ya kila mtu. Tonge la tatu la nyama likakwama. Kifua kikawa kama kimebeba jiwe, mdomo ukajaa povu. Alirudi kwenye mashine akijikaza, akatapika juu ya kola sitini.

Msimamizi akamwandikia barua ya pili. Ya tatu ni kuonyeshwa geti.

Wengine walirudi nyuma. Mshona vifungo anayekaa nyuma yake ndiye aliyekuja na ndoo, akapiga magoti kupangusa sakafu pamoja naye.

"Hakuniuliza naumwa nini," anasema Mama Kola. "Aliniuliza, 'Dada, wewe unakula mara ngapi kwa siku?' Nikamwambia yote, tumeshika matambara."

Mshona vifungo akamjibu, "Basi chukua na zamu zangu za kadi. Mimi kibofu changu pipa, nafungulia nyumbani."

Wakacheka pale chini. Kwa wiki saba, kila siku Mama Kola akala mara nne chooni na mara moja mezani, na hakutapika tena. Ndipo alipoona midomo ya mwenzake imepasuka. Ili asihitaji chooni, mama yule alikuwa hanywi maji tangu alfajiri hadi kengele ya jioni, katika joto la pasi za kiwandani.

"Niliona aibu kuliko siku niliyotapika. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, akaanza kuumbuka mwenzangu."

Jumatatu alimrudishia zamu zake. Siku hiyo hiyo alipeleka barua ya muuguzi wa kliniki: apewe mapumziko matatu ya dakika kumi na mahali pa kukaa. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama.

"Nikikupa wewe, kesho watakuja arobaini," alimwambia. Lakini aliipeleka juu. Jibu ni Ijumaa.

Leo ni Alhamisi. Siku hizi anakula mara tatu tu kazini, na ikifika saa tisa nguvu zinamwishia. Jana alifikisha kola mia tatu na kumi.

"Wakikubali, nitakula nimekaa, kama mtu," anasema. Na wakikataa? Anakung'uta nyuzi kwenye aproni.

"Nitaondoka nikashone mashuka nyumbani. Itakuwa nusu ya mshahara, na sijui watoto nitawaambia nini. Lakini zamu za yule dada sitazichukua tena; atakunywa maji."