Fundi wa Plasta Aliyejifunga Mwenyewe

Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyevunjika kitu hapa mjini amepita mikononi mwa Jasi. Jina alilopewa na mama yake lipo kwenye kitambulisho, limepumzika. Yeye ni fundi wa plasta hospitalini. Huchovya bandeji zenye unga wa jasi kwenye beseni la maji vuguvugu, huzikamua, huuzungushia mkono au mguu wa mtu, kisha ana dakika tatu nne tu za kuzikanda kwa viganja kabla hazijawa jiwe. Wapo wasomi wanaoweza kulieleza jambo hilo kwa saa mbili. Jasi hulifanya huku akibishana kuhusu mpira.

Wagonjwa huwapa darasa, watake wasitake.

"Mfupa wa mtoto unapinda kama kijiti kibichi, unachanika upande mmoja. Wako wewe, mzee mwenzangu, ni biskuti."

Ufa, anasema, ni wa kushukuru. Mfupa uliosogea sharti uvutwe urudi mahali pake. Uliotoboa ngozi si wa kwake, huo huenda upasuaji mbio, maana uchafu ukishaingia mfupani hautoki kwa kubembelezwa. Na kila anayetoka humfuata hadi mlangoni: "Vidole vikivimba, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, rudi hapo hapo!"

Jumamosi moja asubuhi alipanda kigoda kubadilisha balbu ya sebuleni. Mkewe akamwambia achukue ngazi. Akajibu kwamba ngazi ni za watu wafupi. Kigoda kikateleza, naye akafanya kile ambacho kila anayeanguka hufanya: akatanguliza kiganja. Kifundo cha mkono wa kulia kikalia *ka!*

Wa kulia, mkono wa kazi. Asipoweza tena kukamua bandeji, hospitali ingemweka dirishani agawe kadi, na Jasi aliona afadhali wamzike na beseni lake.

Hospitalini daktari wa mifupa alikuwa katikati ya upasuaji. Jasi hakuona haja ya kumsumbua mtu kwa jambo analolijua kumzidi. Akaomba picha moja ya eksirei, ya mbele. Sasa, hata mfagizi wa chumba kile anajua mfupa hupigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwa sababu mfupa ni mnafiki kama mwanasiasa, unaonyesha uso mmoja na kuficha mwingine. Jasi akatazama, akaona mstari mwembamba, akatangaza: "Ufa." Wenzake walipokwenda kunywa chai, akajifunga plasta nzima, duara kamili, kwa mkono wa kushoto na meno. Jeraha halijamaliza hata nusu siku, na uvimbe wenyewe ndio kwanza ulikuwa njiani.

Saa kumi na moja jioni vidole vilikuwa vimevimba kama soseji.

"Baba watoto, mbona vidole vya bluu?"

"Ni hiyo balbu mpya uliyoweka."

"Unavisikia?"

"Vipo."

"Sikuuliza kama vipo!"

Mkewe hakungoja jibu. Akampigia simu Msumeno, mwenzake Jasi wa chumba cha plasta, bibi wa wajukuu wawili ambaye Jasi ndiye aliyemfundisha kazi na bado anamwita binti. Robo saa baadaye mume alikuwa juu ya kile kitanda cha chumba cha plasta alicholazia nusu ya mji, na Msumeno anapasua plasta kutoka juu hadi chini, pamoja na pamba yake, mpaka ngozi ikaonekana.

"Mwalimu, damu ikibanwa hivi kwa saa nyingi inakuwaje?"

"Misuli inakufa."

"Na vidole?"

"Vinakunjika kama kucha za kuku. Moja kwa moja."

"Nani alinifundisha?"

"Mimi."

"Na mjinga gani kafunga hii?"

Jasi akatazama dari. Vidole vilianza kumchoma kama moto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafurahia maumivu.

Picha ya ubavuni ikaonyesha ncha ya mfupa imelala nyuma kabisa. Daktari akautia mkono ganzi, akauvuta, na Msumeno akaweka plasta ya nusu tu, ili uvimbe upate nafasi ya kupumua. Ilikamilishwa wiki iliyofuata.

Wiki sita za kukaa. Ndani humo damu iliyoganda iligeuka gegedu, gegedu likageuka mfupa mchanga. Jasi alikuwa ameieleza safari hiyo mara elfu, bila kujua inavyowasha. Plasta ilipotoka, mkono ulikuwa mwembamba, una magamba, kifundo kigumu kama bawaba ya kutu. Daktari akaagiza mazoezi ya kukamua taulo. Mkewe akayapokea kwa moyo mmoja, akampa na mashuka.

"Haya nayo ni ya daktari?"

"Kamua, mume wangu. Dawa hiyo."

Wiki ya kumi na mbili akasimama tena mbele ya beseni. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeteleza bafuni wiki moja kabla. Jasi akakamua bandeji. Maji yakatiririka, kiganja kikauma, kikashika. Akazungusha, akakanda, jasho puani, jasi ikianza kupata joto. Msumeno akapitisha kidole ukingoni mwa plasta, kikapita. Akaigonga kwa ukucha, akamgeukia Jasi.

"Imekaa, Mwalimu."

Jasi akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, apate kuonekana hana haraka, kisha akapaza sauti kuelekea kwenye benchi:

"Anayefuata!"