Masale ya Uwanjani

Mimi ni mwoga tangu nizaliwe, na wanaonijua hawanibishii. Naogopa radi, naogopa ng'ombe dume, na siku zile nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ndogo ya misheni, juu ya njia ya kutoka Kilema kwenda Kirua Vunjo, nilimwogopa padri na nikamwogopa zaidi mchili, yaani mkuu wa mtaa aliyetusimamia kwa niaba ya Mangi, mtawala wetu. Mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa timu ya mpira. Lakini padri alikuwa mzee, magoti yake yamechoka, na akanikabidhi mimi.

Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Goli la juu lilikuwa juu kweli, na timu iliyoshambulia kutoka huko ilishinda hata ikicheza ovyo. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Mangi, tumeazimwa tu, na akina mama waliendelea kukata nyasi za ng'ombe pembezoni huku wavulana wakicheza. Mpira wa ngozi ulitolewa siku za mashindano. Siku nyingine zote tulipiga mpira wa majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba.

Taabu yangu haikuwa mteremko wala mpira. Taabu yangu ilikuwa kwamba kila mvulana aliyeanza kuujua mchezo alimaliza shule akaondoka. Mmoja alikwenda mjini Moshi kushona nguo, mwingine reli, wengine wakashuka tambarare kwenye mashamba ya walowezi. Nilibaki na watoto wadogo wanaokimbilia mpira wote kwa pamoja, na mimi mwenyewe nilizijua sheria za mchezo lakini kupiga mpira sikujua. Niliwahitaji wale wakubwa warudi kuwafundisha wadogo. Niliwatumia salamu, niliwabembeleza sokoni, wakasema, "Nitakuja, mwalimu," na hawakuja. Nilikasirika mno. Mwaka mmoja tulifungwa na shule ya jirani mpaka padri akaondoka kabla mchezo haujaisha.

Ndipo nikafikiria jambo ambalo niliona ni la akili sana. Mchagga anaweza kukaa Tanga miaka, lakini lazima arudi kutazama kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, kwa sababu ameacha kitu kimesimama udongoni. Basi nikaagiza kwamba kila mvulana anayemaliza apande isale pembeni mwa uwanja. Isale, yakiwa mengi masale, ni ule mmea wetu wa majani marefu, unaokatwa leo ukachomekwa na kesho umeshika. Kila Krismasi, aliyepanda aje alipalilie isale lake, na siku hiyohiyo acheze na yule aliyeshika nafasi yake, amfundishe.

Wa kwanza kupanda alikuwa golikipa wetu, kijana wa mikono mirefu asiye na maneno mengi, mtoto pekee wa mama mjane aliyekaa chini kidogo ya uwanja. Alipanda lake nyuma ya goli la juu, akalikanyagia udongo kwa kisigino, akacheka.

Mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyotumaini. Krismasi walikuja. Fundi cherehani wa Moshi alikuja na mpira wetu wa ngozi ameushona upya, na yule wa reli akaja na filimbi. Beki mmoja mnene aliyekuwa amesahau kwetu kabisa nilimtumia maneno kwamba isale lake limemezwa na nyasi, na Jumapili iliyofuata nikamwona anapanda mlima anatweta. Watoto wangu wakaanza kucheza mpira unaotazamika. Nilifurahi, na kwa mtu kama mimi furaha ni kitu cha kuogopwa pia.

Kisha vita ile kubwa ikaja, na golikipa akaandikishwa Keya, jeshi la Waingereza. Alipelekwa Burma. Habari ikarudi bila yeye: amezikwa hukohuko. Mama yake hakuletewa hata kofia. Baada ya msiba nikaanza kumwona jioni amepiga magoti nyuma ya goli la juu, anapalilia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea na kijembe chake. Sikuthubutu kumwuliza kitu.

Miaka michache baada ya vita kwisha, wakati masika yameanza, mchili alikuja uwanjani tukiwa mazoezini. Masale wakati huo yalikuwa yamezunguka karibu uwanja wote. Hakunisalimu. Alitembea pembezoni polepole, akagusa kila isale kwa fimbo yake, mpaka akanifikia.

"Mwalimu," akasema, "nani amegawa shamba hapa?"

Nilizaliwa mlimani, nimelelewa katikati ya vihamba, na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba masale yakipangwa mstari ni mpaka. Anayepanda isale anasema: hapa ni pangu. Mimi, mtu mzima na mwalimu, nilikuwa nimewaambia vijana wa koo mbalimbali wapande mpaka juu ya ardhi ya Mangi, na nilikuwa nimewashangilia.

"Ni mambo ya mpira tu, meku," nikasema, nikimwita kama tunavyowaita wazee wetu.

"Leo masale, kesho migomba, keshokutwa nyumba. Kisha wenye masale watakuja kunidai mimi." Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha kuliko kelele. "Mangi anapita huku baada ya Pasaka. Akikuta hata isale moja, uwanja umekwisha. Watapewa watu walime ulezi. Na wewe utakwenda kujieleza barazani."

"Nitayang'oa yote," nikasema haraka.

Akanitazama kwa huruma. "Utayang'oa wewe?"

Hapo nikakumbuka upande wa pili wa mambo. Kwetu mtu hang'oi isale ambalo hakulipanda. Aliyewahi kufanya hivyo husimuliwa: tumbo lake lilivimba, ng'ombe wake wakaisha, nyumba yake haikujengeka. Nilifundisha katekisimu asubuhi, na mchana huo nilikuwa naamini kila neno la hayo. Nilikwenda kwa padri. Akasema ni majani tu, niwaambie watoto wayang'oe. Nilijua baba zao wangenifanya nini. Jioni nikaenda peke yangu nikashika isale la fundi cherehani. Nikaliachia, nikashuka mferejini nikanawa mpaka viwiko.

Palikuwa na njia moja: kila aliyepanda aje ang'oe lake. Nilikwenda kwa miguu mpaka Moshi nikamkuta fundi barazani kwa mwenye duka, mguu juu ya cherehani. Alinisikiliza bila kuacha kushona.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetupandisha. Sasa unataka tung'oe?"

"Nisipofanya hivyo uwanja unakwenda."

"Na tukishang'oa, tutakuja kufanya nini huko Krismasi?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki zote zile. Masale yakibaki, tunapoteza uwanja. Yaking'olewa, tunapoteza watu, na timu itarudi kuwa watoto wanaokimbizana na majani ya migomba. Kila siku nilikuwa nalipapasa tumbo langu kuona kama limeanza kuvimba, ingawa sikuwa nimeng'oa kitu.

Jumatatu ya Pasaka walikuja. Fundi alikuwa amepeleka habari kwa kila mtu, na hata wale niliokwisha kuwakatia tamaa walitokea kwenye ukungu, suruali zimekunjwa, matope mpaka magotini. Mchili alikuja pia, akakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyetania. Kila mmoja alikwenda kwenye isale lake, akainama, akavuta. Ardhi ilikuwa imelowa, yakatoka kwa urahisi kuliko nilivyopenda. Beki yule mnene alilishika lake kifuani na sioni haya kusema kwamba niligeuka nikalia.

Likabaki moja, nyuma ya goli la juu.

"Na lile?" mchili akauliza.

"Mwenyewe alifia vitani, meku."

"Basi ling'oe wewe. Ndiwe uliyemwambia apande."

Nilitazama vijana, nao wakatazama chini. Nilipanda ule mteremko. Nilijiambia ni majani tu, kama alivyosema padri. Niliinama, nikalishika shina kwa mikono miwili. Palikuwa pamepaliliwa vizuri pale, hapakuwa na hata jani moja la nyasi.

"Mwalimu," sauti ikasema nyuma yangu, "unanifukulia mwanangu?"

Mama yake alikuwa amesimama na kijembe mkono mmoja na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mkono mwingine. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Nililiachia shina, nikakaa kwenye matope. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada, na nadhani ni kwa sababu ndipo nilipoelewa jioni zile zote alikuwa anafanya nini. Kwetu isale huwekwa mpakani, na huwekwa juu ya kaburi.

Alinipita, akamimina mbege kidogo shinani, akanong'ona kwa Kichagga maneno ambayo mzazi humwambia mtoto wake. Mchili alikuwa ameshapanda mpaka pale. Alivua kofia.

"Mama, hapa kuna kaburi?"

"Lipo."

"Mwenyewe yumo?"

"Alilipanda kwa mkono wake," akasema. "Kingine sikuletewa."

Mchili alilitazama isale, mvua ikimnyeshea kichwani. Alijua kama sisi sote kwamba hakuna mtu wa mlimani atakayekubali kulima ulezi penye kaburi la mtoto wa mwenzake, wala kufunga ng'ombe. Akavaa kofia yake na kusema atazungumza na Mangi mwenyewe. Sijui alimwambia nini. Mangi alipita baada ya Pasaka, akasimama barabarani, akatazama juu, akaenda zake.

Uwanja ulibaki, lakini mimi niliendelea kuogopa mpaka Krismasi, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa na kitu cha kupalilia. Asubuhi ile nilikuwa nimechungulia dirishani mara nyingi kabla sijawaona. Walikuwa wanapanda kwa makundi, fundi mbele, na kila mmoja amebeba kijembe. Hawakuja kwangu. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya goli la juu, wakampokea mama yule kijembe chake, wakapalilia isale lile moja kwa zamu, kisha wakavua viatu wakaanza kuwafundisha watoto.

Imekuwa hivyo tangu wakati huo. Mpira ukipita goli la juu, watoto hawaukimbilii. Golikipa huenda peke yake, taratibu, akaliamkia isale, ndipo akauokota. Nami humhesabia hatua mpaka arudi. Vijana wengi wamepita mikononi mwangu, na wote nimewahi kuwatumia salamu nikiwaomba warudi, isipokuwa yule wa nyuma ya goli la juu.